Sinema Safarini: Vuta N'kuvute na Supa Modo katika Kioo Kidogo

Kwa mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba juu ya mji wa Kasese, ukumbi wa sinema mara nyingi ni kompyuta aliyoipakata magotini, na wakati wa kutazama ni safari ndefu ya basi ya kwenda Kampala au kurudi. Jambo hili si dogo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu anahitaji sauti za wasemaji, na sinema humpatia. Katika makala haya tunahakiki sinema mbili kama zinavyoonekana katika kioo hicho kidogo.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute (2021), iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Wasomaji wetu wanaikumbuka hadithi yenyewe: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, na Denge, mpigania uhuru, katika Unguja ya miaka ya 1950. Kifani, mwongozaji amechagua kusema kwa picha kuliko kwa maneno. Giza, vivuli na maji ndivyo vinavyobeba hofu na mapenzi ya watu walio chini ya ukoloni. Lakini ndani ya basi, jua linapopiga dirishani, giza hilo hugeuka kioo cha kujitazamia: mtazamaji huuona uso wake mahali pa uso wa Denge. Nacho kimya, chenye maana kubwa katika sinema hii, humezwa na ngurumo ya injini. Anayeitazama hivyo asiharakishe kusema kwamba imepooza. Kilichopungua ni kioo, wala si kazi ya msanii.

Supa Modo (2018), ya mwongozaji Likarion Wainaina wa Kenya, huistahimili safari vizuri zaidi. Jo, mtoto wa miaka tisa, anaugua ugonjwa usiopona, naye anapenda mno sinema za mashujaa. Dada yake, Mwix, anamshawishi kwamba ana nguvu za ajabu. Mama anapinga udanganyifu huo. Hatimaye kijiji kizima kinashiriki kutengeneza sinema ambayo Jo ndiye shujaa wake. Nguvu ya kazi hii imo katika nyuso na mazungumzo, navyo havipungui sana kioo kinapokuwa kidogo. Kasoro tunayoiona ni kwamba wanakijiji wanakubaliana kwa wepesi mno. Mgongano wa kweli umebaki baina ya mama na Mwix, nao ungestahili kupewa nafasi zaidi.

Hata hivyo, hapa ndipo penye tatizo letu kubwa. Dhamira ya Supa Modo ni kwamba sinema ni tendo la watu wengi: hutengenezwa pamoja, hutazamwa pamoja, na furaha yake hukamilika mwenzako anapocheka. Msafiri aliyejiziba masikio kwa vipokea sauti ameipata hadithi, lakini amekikosa kile ambacho hadithi inakisifu. Mwanafunzi wa lugha naye hukosa vivyo hivyo, maana lugha hukua kwa kuulizana na kubishana.

Upo pia mtego wa tafsiri ya Kiingereza iandikwayo chini ya picha. Katika kelele za basi jicho huikimbilia, sikio likalala. Mtu anaweza kufika Kasese ameimaliza sinema nzima bila ya kusikia sentensi moja ya Kiswahili.

Maoni yetu ni haya. Safari iwe ya mwalimu kuteua: atazame, achague kipande cha dakika tano au kumi. Kisha darasani akionyeshe, tafsiri ikiwa imefichwa, wanafunzi wakiizunguka kompyuta hiyo hiyo. Walinganishe Kiswahili cha Unguja cha Vuta N'kuvute na kile cha Supa Modo kilichochanganyika na Kiingereza, tena na kile wanachokisikia kwa Wakongo katika soko la Mpondwe, karibu na Bwera. Kioo kitabaki kidogo, lakini watazamaji watakuwa wengi.