Jicho la Askari wa Risasi

Nyumba ya jirani yangu hapa Nottingham inanuka Dettol, na hakuna mgonjwa. Kwetu Pwani harufu hiyo ni ya wodi ya wazazi, au ya goti la mtoto aliyeanguka mtini. Kwake ni harufu ya kazi. Juu ya meza ya jikoni pana chupa ya jamu iliyojaa dawa hiyo, na ndani yake wamezama askari wa anga za juu, wafupi kuliko kidole gumba. Wamelala humo tangu juzi. Anawatoa mmoja mmoja, anawasugua kwa mswaki mkuukuu, na rangi aliyowapaka alipokuwa mvulana wa shule inabanduka ikiwa tope. Anajua asiwasuuze kwa maji mapema, kwa sababu rangi iliyolainika ikikutana na maji hugeuka ulimbo na kunasa katika kila kijishimo. Huwasuuza kwanza kwa Dettol nyingine safi, ndipo maji na sabuni. Hayo hayakuandikwa kwenye boksi lolote. Mtu huyaokota kwa mtu.

Bwana huyu ni dereva wa basi, na hamsini ameshaivuka. Uingereza ina wengi wa rika lake ambao siku hizi wanapanda darini kushusha makopo ya biskuti. Ndani yake mna jeshi la utoto wao: sanamu ndogo za risasi na bati, zilizotengenezwa kwa michezo ya vita ya mezani, vita vya sayari za kubuni na mashujaa wasiopata kuwapo. Waliziacha walipopata kazi, wachumba na mikopo ya nyumba. Sasa watoto wamehama, na mkono unatafuta shughuli. Mpita njia akichungulia dirishani atasema mzee mzima anachezea midoli. Mimi nimekaa naye jioni nyingi, na nasema ninachokiona pale ni ufundi, tena ufundi unaokwenda zake.

Asili yake haiko mbali sana. H. G. Wells, yule yule aliyechapisha mwaka 1898 hadithi ya viumbe wa Mars kuivamia Uingereza, alitoa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, akakiita Little Wars. Basi chombo cha angani na askari wa risasi vilikwisha kukaa katika kichwa kimoja kabla babu zetu hawajabebeshwa mizigo katika vita vya Mjerumani. Ilichukua miaka mingi vikutane mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Citadel Miniatures, chini ya Bryan Ansell, ilianza kusubu sanamu mjini Newark, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 1987 ukatoka mchezo wa Rick Priestley, Warhammer 40,000: Rogue Trader, uliompeleka mchezaji maelfu ya miaka mbele, katika ulimwengu wa giza na vita visivyokwisha, na wenye utani mwingi ndani yake. Mwaka huo huo watoto waliweza kununua boksi la askari 30 wa plastiki, wenye kofia za chuma za pua iliyochongoka, lakini majemadari, mazimwi na mashujaa walikuwa wa risasi. Hadi leo karakana za sanamu zimejaa eneo hili kiasi kwamba wenyewe huliita ukanda wa risasi.

Sanamu za wakati ule zilifinyangwa kwa mkono, kwa ukubwa ule ule ziliouzwa nao. Mchongaji alichukua puti ya sehemu mbili, ya buluu na ya manjano, akaikanda mpaka ikawa kijani, na tangu hapo alikuwa akishindana na saa, kwa sababu puti hiyo haikawii kuwa ngumu. Kwa sindano na vyuma vya daktari wa meno alitoa pua, kidole, kifungo cha koti. Kazi ilipokamilika, sanamu ile ilibanwa katikati ya visahani viwili vya mpira, ikatiwa joto na shinikizo mpaka mpira ukawa kalibu. Kalibu ikazungushwa kwa kasi ili madini yaliyoyeyuka yasukumwe mpaka ncha ya upanga. Mpira nao huchoka. Baada ya kumiminiwa mara nyingi huanza kupasuka, na pua ya askari wa mwisho haiwi kali tena.

Kwa hiyo aliyezizoea humtambua aliyezifinyanga bila kusoma jina. Mazimwi ya Kev Adams yana meno yaliyopandana na macho ya mwizi aliyeridhika. Huwezi kuyaogopa bila kucheka. Watu wa Jes Goodwin ni warefu na wembamba, na nguo zao zinakwenda na mwili ulio ndani. Pacha Michael na Alan Perry hukupa mtu aliyekanyaga ardhi kweli. Bega moja lilizidi jingine, na hakuna aliyelirekebisha. Mtu wa Unguja anaijua kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono na anaijua ya mashine. Ile ya mkono ina tundu lililopinda kidogo, na tundu hilo ndilo unalolilipia.

Sanamu ya namna hiyo humdai anayeipaka rangi amjibu aliyeifinyanga. Ndiyo maana nataka kulisimulia jicho.

Askari mwenyewe, toka unyayo hadi usawa wa macho, ana milimita ishirini na tano hivi. Jicho lake halifiki milimita moja. Jirani yangu humgandisha juu ya kizibo cha chupa ya mvinyo ili asimguse kwa vidole. Mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita kichwani na kushuka ubavuni, ameshauondoa kwa tupa. Andakoti yake ni nyeupe, kama walivyopaka wao zamani, kabla nyeusi haijawa desturi. Wengi hudhani jicho dogo linataka brashi ndogo kuliko zote. Yeye huwacheka. Brashi ndogo mno hubeba rangi kidogo mno, na rangi hiyo hukauka njiani kabla ya kufika. Anatumia brashi ya nywele za mkia wa kolinsky, mnyama mdogo wa Siberia, yenye tumbo nene la kuhifadhi unyevu na ncha inayorudi kuwa moja kila ikiinuliwa. Zamani aliirudisha ncha hiyo kwa kuilamba. Anajua haifai, hasa kwa mtu anayeshika risasi, na ameweka kitambaa kando kwa kazi hiyo. Akizama kabisa katika kazi, kitambaa husahauliwa na ulimi hutoka.

Macho hupakwa kabla ya uso. Mwanafunzi huanza na ngozi, akaipamba mpaka ikapendeza, kisha akatetemeka inapofika zamu ya jicho, kwa kuwa kosa moja litaharibu yote. Fundi huanza na lililo gumu. Huegemeza viwiko mezani, huunganisha viganja kwa chini ili mikono itetemeke pamoja kama itatetemeka, hutoa pumzi, na katika utulivu ule baada ya pumzi huweka mstari mmoja mweupe, usio mweupe kabisa, kwa sababu hakuna jicho la mtu lililo jeupe kama chokaa. Kisha mboni. Hiyo haiwi nukta. Nukta inayoelea katikati humfanya shujaa aonekane ameona nyoka. Huwa ni kimstari cha wima kinachogusa kope ya juu na ya chini. Huanza na lile jicho ambalo mkono wake unalifikia kwa taabu, ili hili jepesi ndilo lilifuate lile, yasije yakapishana na askari akawa na makengeza. Makosa ya pembeni hayamsumbui. Rangi ya ngozi ikija baadaye itayafunika, na jicho litabaki na ukubwa wake wa haki.

Kazi yote hiyo, na akiiweka sanamu mezani hatua mbili kutoka kwako, jicho hulioni. Unachokiona ni kwamba askari anakutazama.

Baada ya macho mambo huenda upesi zaidi, ingawa upesi wake si wetu. Wino mwembamba hutiririka ndani ya mikunjo na kukaa penye kivuli. Brashi kavu hupitishwa juu ya manyoya na minyororo ikashika vilele tu. Rangi nyekundu ya vazi hupanda tabaka kwa tabaka, kila moja ikiwa na ung'avu zaidi kidogo kuliko ya chini yake, na kila moja ikisubiriwa ikauke. Kwenye bega huchora miraba myeusi na myeupe bila rula. Zamani bega lilikuwa mahali pa kutania: watu waliandika upuuzi pale, majina ya bendi, matusi ya heshima. Ilikuwa enzi ambayo gazeti la White Dwarf liliwafundisha wasomaji kutengeneza gari la vita linaloelea angani kutokana na kopo la dawa ya kwapa, na hakuna aliyeona haya kuliingiza vitani. Kutokuwa na kitu kulihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo.

Mmoja tu katika jeshi lile hakutiwa Dettol. Ni askari wa buluu, rangi ya mafuta, nzito kiasi kwamba pua imemezwa, na mgongoni pana alama ya kidole cha mtoto aliyemshika kabla hajakauka. Nilimuuliza kwa nini kamwacha. Akasema huyo ndiye wa kwanza, na fundi aliyempaka ameshaondoka. Alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa na macho ya mwewe na hana subira hata ya kungoja kopo likorogwe. Sasa subira anayo, na macho anayaazima kwa miwani na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye taa. Kama viwili hivyo vingekutana katika mwili mmoja, asingekuwa dereva wa basi.

Wenzake wengine walichelewa kufungua makopo. Risasi ina adui mpole: mvuke wa asidi unaotoka katika mbao, hasa mwaloni, na katika makaratasi ya boksi. Makabati mazuri ya babu yameua majeshi mazima. Madini huanza kufifia, kisha hutoa unga mweupe, kisha sura huliwa, na alichokifanya mchongaji hakipatikani tena. Rangi na vanishi huchelewesha maangamizi hayo. Kwa maana hiyo aliyemaliza kazi yake ujanani alimwokoa askari wake bila kujua, na aliyemtupa kabatini akiwa mtupu alimwacha aliwe.

Siwezi kusema sanamu za leo ni mbaya. Risasi iliondolewa katika madini hayo miaka ya 1990 kwa ajili ya afya za watoto, na ni haki. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya fani hii ilianza kuacha madini ikaingia resini, na leo plastiki imetawala. Umbo huchorwa kwenye kompyuta na kukatwa katika kalibu za chuma, na kifungo cha koti ni kikali kuliko alichoweza kukitoa binadamu yeyote kwa sindano. Mabega yako sawa. Tangu 2019 ipo pia rangi inayojitilia kivuli yenyewe kwa mkono mmoja. Ukiipaka imekwisha, na mtu mwenye watoto wadogo na zamu za usiku ana sababu ya kuishukuru.

Lakini nimeziona nyumba za wanaonunua. Maboksi yamepangwa hadi dari, mengi hayajafunguliwa, na wenyewe wamelipa lundo hilo jina kwa kucheka: lundo la aibu. Kila mwezi linatoka jeshi jipya, na la mwezi uliopita linakuwa la kizamani kabla gundi haijanunuliwa. Kijana ana silaha zote za fani na hajawahi kukaa na uso mmoja jioni nzima. Simlaumu yeye pekee. Ameuziwa haraka, akaambiwa ndiyo mapenzi ya kazi.

Na hata hizo za zamani hazikusalimika. Wachongaji wa miaka ile wameanza kutuacha. Ansell mwenyewe alifariki mwishoni mwa 2023. Kazi zao zimeingia mnadani, na mnada una sheria zake. Pakiti ambayo haijapata kufunguliwa, askari wake bado wana mshono wa kalibu mgongoni, mara nyingi huuzwa ghali kuliko askari yule yule aliyepakwa na mkono wa wastani. Tajiri huinunua, huiweka ndani ya kioo, na huionyesha kwa wageni kwa sababu haikuguswa. Tumefika mahali kazi inapunguza bei ya kitu. Mtu aliyeshindana na puti ikiwa inakauka, akatafuta sura kwa ncha ya sindano, alikuwa anamtengenezea mwenziwe kazi. Alimwachia jicho tupu makusudi ili mwingine aje alifungue. Dereva wa basi ameitika, akiwa amechelewa na miwani puani; waliobaki wanapiga bei.