Wazimu wa Elizabeth si Sitiari Tu

Katika semina zetu za riwaya ya Kiafrika, tukifika kwa Bessie Head wote tunajibu kama kwaya: wazimu wa Elizabeth ni sitiari ya ubaguzi wa rangi. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata alama zetu, basi. Mimi mwenyewe niliandika. Makala haya yanataka kubishana na jibu hilo. Sisemi ni la uongo. Nasema limemsahau mgonjwa.

Riwaya yenyewe, A Question of Power, ilitoka mwaka 1973. Mwandishi alizaliwa mwaka 1937 huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili alimofungiwa mama yake, mwanamke Mzungu aliyepata mimba ya Mwafrika. Mwaka 1971 mwandishi naye alilazwa hospitali ya akili ya Lobatse, Botswana. Elizabeth, mhusika mkuu, ana historia inayofanana na hiyo. Anaishi uhamishoni na mwanawe mdogo katika kijiji cha Motabeng.

Sasa tutazame fani. Usiku Elizabeth anamwona Sello kakaa kitini karibu na kitanda, kavaa joho la mtawa. Baadaye anakuja Dan na msururu wa wanawake wake. Msimulizi hasemi kwamba Elizabeth anaota au anadhani. Msomaji analalamika: mbona sijui lipi la kweli? Lakini hapo ndipo ufundi ulipo. Mwenye saikosisi hasikii kitu anachojua ni cha kufikirika. Anasikia sauti, kama wewe unavyomsikia mwenzako wa kitanda cha pili. Hayo ndiyo maruweruwe. Tena Sello ni mtu halisi wa kijijini, na mambo ya usiku hana habari nayo. Elizabeth anamtwisha hayo yote, hadi anabandika tangazo posta akimshutumu kwamba analala na binti yake. Hiyo ni imani potofu: haitikiswi na ushahidi, na kwa mwenye nayo kila kitu kinaithibitisha.

Wapo wanaosema eti Elizabeth ana skizofrenia, kwa hiyo ni "watu wawili". Jamani! Jina hilo, alilolitunga Eugen Bleuler mwaka 1908, lina maana ya akili iliyopasuka, lakini kinachoachana ni fikra, hisia na uhalisi. Mtu habadiliki kuwa wawili. Na saikosisi ni hali tu. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta. Mimi simpimi Elizabeth, nasoma dalili zilizoandikwa.

Kwa nini nang'ang'ania dalili? Mwaka wetu wa kwanza mwenzetu mmoja bwenini aliacha kuoga, akaacha kuja darasani, akaziba dirisha kwa blanketi kwa sababu redio ilikuwa ikimsema. Tulicheka. Tukampa jina la "Profesa", tukasema kasoma mno. Muhula ule ule tulikuwa tunachambua riwaya hii, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo hayo mawili. Sitiari tuliiona, mtu hatukumwona.

Bessie Head anaziona zote mbili. Matusi anayosikia Elizabeth kuhusu rangi yake yametoka Afrika Kusini, hilo halina ubishi. Ubaguzi umezipa sauti maneno ya kusema. Lakini angalia pia bustani ya ushirika. Huko nathari inatulia: kuna miche, kuna jamu, kuna Kenosi anayefanya kazi bila maneno mengi na kumrudisha Elizabeth kwenye udongo. Msomaji anaitambua nafuu kwa mwendo wa sentensi kabla hajaambiwa.

Kasoro ipo. Sehemu ya Dan inajirudia mpaka inachosha, na mwisho unaufanya uponyaji uonekane kama ushindi wa roho peke yake, huku hospitali ikichorwa kama mahali pa kutisha tu. Mwenye ndugu mgonjwa asiondoke hapo akidhani dawa hazina kazi. Dawa zinasaidia wengi, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo heri.

Kwa jumla, tuendelee kufundishwa sitiari, lakini swali la kwanza liwe: huyu mtu anasikia nini? Anayepinga na aandike, toleo lijalo tusome hoja zake.