Milimita 67 zilizopotea mezani

Mtoto wa dada yangu alilishika behewa langu dogo, akalisukuma kutoka Ubundu hadi Kindu. Vituo vyote viwili nilikuwa nimevikata kwenye boksi la sabuni na kuvipanga juu ya meza moja, reli moja. Behewa halikusita popote. "Mjomba, limefika," akasema. Nikajua hapohapo kwamba nimekosea hesabu, maana behewa la Kisangani halijawahi kufika Kindu kwa magurudumu yake.

Nianze na lile la kweli. Reli ya Kisangani–Ubundu ina kilomita 125. Ilijengwa na kampuni ya CFL ya Mbelgiji Édouard Empain, huyohuyo aliyekuwa nyuma ya treni za chini ya ardhi za Paris, na ilifunguliwa Septemba 1906, wakati huo mji wetu ukiitwa Stanleyville na Ubundu ukiitwa Ponthierville. Inaanzia Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kwa hiyo mtu wa Makiso, ukingo wa kulia, avuke mto kwanza ndipo aitafute treni. Reli hii ina kazi moja tu: kuyakwepa maporomoko saba ya Boyoma, yale ambayo kwenye la mwisho wavuvi Wagenia wanasimika miti yao na kuning'iniza mitego. Kutoka Ubundu abiria alipanda meli hadi Kindu, treni nyingine hadi Kongolo, meli tena hadi Kabalo, kisha treni ya tatu hadi Kalemie, ziwani.

Hayo maporomoko ukiyapunguza mara 87, skeli inayopendwa zaidi na watengenezaji wa treni ndogo duniani, unashangaa. Maji yanashuka mita 60 hivi, ambazo mezani ni sentimita 69, pungufu kidogo ya kimo cha meza yenyewe. Lakini reli ya kuyazunguka, kwa skeli hiyohiyo, inataka mita 1,437. Ndiyo kusema ungehitaji uwanja wa ndege ili uonyeshe teremko la meza moja. Treni huliona teremko hilo kama tambarare. Meli haiwezi, kwa sababu mto hauteremki polepole, unaruka ngazi kwa ngazi.

Kuna jambo linalomfurahisha fundi wa modeli zaidi ya hilo. Mwaka 1906 njia ya kuleta behewa hapa ilikuwa meli hadi Matadi, kisha reli ya Matadi–Kinshasa iliyofunguliwa 1898, kisha mto, kilomita zipatazo 1,700. Ile reli ya Matadi wakati huo ilikuwa na upana wa milimita 765 tu. Behewa la reli ya mita moja, upana wa reli yetu, lisingeweza kubingirika juu yake. Lilibidi lipite kama mzigo, vipande vipande, chuma huku na mbao kule, likaunganishwe mwisho wa safari. Behewa la kwanza la Lubunga nalo lilitoka kwenye masanduku, kama la kwangu lilivyotoka kwenye boksi. Na mpangilio haubadiliki: fremu ya chini kwanza, halafu vigari vya magurudumu, sakafu, kuta, paa mwisho. Mimi nilitangulia kubandika paa, nikalazimika kulibandua ili nipachike viti.

Ugumu wenyewe uko kwenye vifaa. Nilikuwa na mabaki ya afromosia, mbao ya misitu yetu, nikadhani hakuna kitu chenye haki zaidi ya kuwa ukuta wa behewa la hapa. Nilikosea. Ubao wa sentimita 10, kwa skeli yangu ya 1:22.5, unakuwa milimita 4.4, lakini nyuzi za mti hazipungui pamoja nao. Zinabaki na ukubwa wake, na ukuta unaonekana umepasuka toka juu hadi chini. Kadi ya kalenda ya zamani, iliyopigwa msasa laini na kupakwa rangi mara tatu, inafanana na mbao kuliko mbao. Vipande vya madirisha, vile vya kuzuia jua na kuruhusu upepo, nilivikata kwenye kopo la sadini: ukanda wa milimita moja na nusu, unakunjwa kidogo kwa koleo, unabandikwa, unasubiri. Dirisha moja lina kanda 14. Usiniulize madirisha ni mangapi.

Uzito nao una hila. Vipimo vikipungua mara 22.5, ujazo hupungua mara 11,390. Behewa la tani 15 linapaswa kuwa na kilo 1.3 mezani. Kwa 1:87 lingekuwa na gramu 23, jepesi kama barua, ndiyo maana mafundi wa skeli hiyo hujaza nati na risasi chini ya sakafu.

Anayetaka kujua jinsi uzito na upana vinavyogombana kwenye reli ya mita moja aende Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971. Pale limehifadhiwa behewa la ukaguzi namba 12 la Reli ya Uganda, reli ya mita moja kama yetu. Ndimo simba alimomnyakua afisa wa polisi Charles Ryall, usiku mmoja wa Juni 1900 pale Kima. Patterson, aliyewahi kuwa mhandisi wa reli hiyo, kwenye kitabu chake cha 1907, anaeleza kwamba behewa liliegeshwa mahali pasipo sawa; simba alipoingia likainama kwa uzito wake, na mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Kila mtu husimulia simba. Mimi naona mlango, na mwili mpana uliokalishwa juu ya msingi mwembamba kama bibi mnene juu ya kigoda. Usipolionyesha hilo kwenye modeli, kuta zikining'inia nje ya magurudumu pande zote mbili, umetengeneza behewa la Ulaya na kulipaka rangi ya Kongo.

Sasa zile milimita. Mwanzoni vipande vyote vya CFL vilikuwa vya mita moja, sawa na reli ya Kigoma ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya 1950 vile vya kusini, kuanzia Kindu, vilipanuliwa hadi milimita 1,067 ili viungane na reli za Katanga. Kisangani–Ubundu ikabaki na mita yake. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne. Kwa skeli ya 1:87 vidole hivyo vinne vinakuwa milimita 0.77. Reli ya mita moja inayouzwa kwa skeli hiyo ina milimita 12, yaani milimita 1,044 za kweli: imezidi kwa Kisangani, imepungua kwa Kindu, na inawabeba wote bila kinyongo. Kwa mnunuzi wa Ulaya ni kosa dogo lisiloonekana. Kwetu limefuta historia nzima ya njia hii.

Kuna mengine ambayo hakuna skeli inayoyabeba. Viti vyangu vitupu. Tarehe 4 Mei 1997 treni iliyotoka Biaro, kilomita 41 hivi kutoka hapa, ilifika ikiwa imejaa wakimbizi wa Rwanda, na zaidi ya 90 kati yao walikuwa wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa. Sijaweka watu wa udongo ndani ya behewa, wala sitaweka.

Ila reli niliirudia. Kwa 1:22.5 upande wa Ubundu nimeupa milimita 44.4, na wa Kindu 47.4. Katikati kuna sinia la maji. Mpwa wangu alirudi Jumapili, akaliinua behewa juu ya sinia, akaliweka upande wa pili, akalisukuma. Lilikwenda kiganja kimoja, likafika kwenye kona, gurudumu la kulia likadondoka ndani ya reli. Akaliweka tena. Likadondoka tena.

"Limeharibika, Mjomba."

Nikamwambia alirudishe Ubundu.