Chuma Kipo, Muwa Haukioni

Ukishuka mashamba ya kando ya mto Turkwel, karibu na Lodwar, ukakuta shina la muwa au tuta la kunde lenye majani machanga ya manjano na vishipa vya kijani, usikimbilie yurea. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini. Hii ya chuma imeanzia juu, kwa kuwa chuma kikishakaa kwenye jani hakihami. Jani kuukuu halina cha kulikopesha jani changa.

Chuma chenyewe kimejaa ardhini. Ila udongo una chokaa na magadi, na pH ikipita 7.5 chuma na zinki haviyeyuki, mizizi haina cha kunyonya. Ukimwaga salfeti ya chuma chini, chokaa huidaka. Kunyunyizia jani ni kuukwepa udongo, basi. Agroveti huita chupa za dawa hiyo ya majani busta, na jina hilo ndilo linalotuponza: mtu hudhani ni vitamini ya kila mmea. Lakini Mumias, kwenye miwa mingi, udongo ni wa tindikali. Mkulima wa kule huongeza chokaa, wa Turkwel anaikimbia.

Kabla ya kununua, jaribu. Koroga gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita moja ya maji, chovya unyoya wa kuku, chora mstari kwenye jani la manjano. Baada ya siku kadhaa mstari ukigeuka kijani, umepata jibu. Usipogeuka, tafuta chumvi, maji au mizizi iliyooza.

Pampu ya lita 20 huchukua gramu 100. Maji ya kisima chenye magadi huharibu dawa hata kabla haijafika shambani, kwa hiyo kamulia ndimu kwanza, ndipo utie zile fuwele za kijani hafifu. Mchanganyiko ukigeuka rangi ya kutu, mwaga. Tone la sabuni husaidia maji yashike jani. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35: tone hukauka juu ya jani, chumvi inabaki na kuliunguza. Mimi hupendelea jioni, upepo ukitulia.

Kijani hicho hakidumu. Majani yatakayochipuka baadaye hutoka manjano tena, kwa hiyo unarudia kila baada ya wiki mbili hivi, muwa ungali unarefuka. Kunyunyiza karibu na mavuno ni kupaka rangi tu. Tena muwa hutaka maji ya milimita 1,500 hivi kwa msimu mmoja, na mvua ya Lodwar ni kama 200 kwa mwaka. Pasipo mfereji, chupa haina kazi.

Kakuma na Kalobeyei, ambako sukuma na bamia huota kwenye magunia, ningeiacha pampu ukutani. Gunia unalijaza udongo unaouchagua mwenyewe. Samadi ya mbuzi iko tele. Iloweshe, iache ichuje chumvi yake, ioze, ndipo uichanganye.