Pikipiki Isiyoua



Wazazi kadhaa hapa Nyegina wamenijia kuniuliza niseme nini juu ya gemu ya pikipiki wanayoicheza watoto wao. Mtu hahukumu asichokijua. Basi nilimwita mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni, ambaye mjomba wake alimletea kutoka Muscat kifaa cha kuchezea cha mkononi kiitwacho Nintendo Switch. Tukakaa kibarazani baada ya alasiri, nami nikakishika kwa mikono yangu mwenyewe.

Gemu hiyo yaitwa TT Isle of Man: Ride on the Edge 2, iliyotoka mwaka 2020, nayo ni kazi ya kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa. Inaonyesha mashindano ya kweli yaliyoanza mwaka 1907 katika Kisiwa cha Man, kilichoko katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland. Mashindano hayo hayafanyiki uwanjani. Hufanyika katika barabara za kawaida zipitazo vijijini, baina ya kuta za mawe na milango ya watu, mzunguko wa kilomita 60 wenye kona zaidi ya 200.

Tuseme haki kwanza: ustadi upo. Anayeingia kona kwa pupa huanguka. Breki ya mbele ina kazi yake na ya nyuma ina yake. Asiyeikariri njia hafiki popote. Mimi nilianguka mara saba katika muda mfupi, na kijana akanifundisha kwa adabu, mwalimu akawa mwanafunzi. Mchezo unaomkatalia mwenye papara una somo ndani yake, wala si vema kulificha.

Lakini tazama, msomaji, linalotokea baada ya kuanguka. Mwendeshaji hurushwa, hugaragara, kisha mara yuko juu ya pikipiki tena, mzima, kana kwamba hapakuwa na jambo. Hapa ndipo kazi hii, iliyochora barabara kwa uaminifu mkubwa, inapoiacha kweli. Katika njia hiyo hiyo ya kisiwani, tangu ilipoanza kutumika mwaka 1911, wamekufa waendeshaji zaidi ya 250. Hao si wanagenzi. Ni watu wa jinsi ya Peter Hickman, ambaye mwaka 2023 aliizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Nao hukimbia barabara ikiwa imefungwa kwa amri ya sheria, asipite mwingine.

Je, yetu hufungwa na nani? Barabara iendayo Musoma ina mbuzi, ina mama aliyejitwika dagaa, ina watoto watokao shule. Nilimwuliza kijana, "Mwanangu, mbona hapa hakuna anayekatiza njia?" Akajibu huku akicheka, "Maalim, wamefungiwa ndani." Kisha akanyamaza, kwani kaka yake ni dereva wa bodaboda, na mwaka jana alilala miezi mitatu, mguu una vyuma, kwa kumkwepa mbuzi mmoja tu.

Wanazuoni wetu wamehesabu kuhifadhi uhai miongoni mwa makusudio matano ya Sharia. Basi kosa la gemu hii si mwendo wake. Kosa lake ni kuuzoesha mkono kuvuta mafuta pasipo moyo kuzoea kuogopa.

Sisemi kifaa kivunjwe. Kukivunja ni kazi ya dakika moja, na mtoto atacheza kwa jirani. Nasema, ewe mzazi, keti naye. Kila aangukapo, kabla hajaanza tena, mwulize maswali mawili: "Sasa hivi wewe ungekuwa wapi? Na aliyekuwa akivuka angekuwa wapi?" Ukimwona anachelewa kujibu, jua kwamba somo limeingia. Na siku atakapokabidhiwa pikipiki ya kweli, mpe kofia ngumu kabla ya ufunguo.

Wabillahi tawfiq.