Asiyekuwepo na Lake Halipo: Uhakiki wa Takwimu ya Umri wa Kuishi nchini Uganda kwa Kuitazama Karambi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna takwimu ya umri wa kuishi unaotarajiwa wakati wa kuzaliwa inavyotayarishwa na kufasiriwa nchini Uganda. Kwa kuitazama gombolola ya Karambi, wilayani Kasese, yanadai kwamba takwimu hiyo kwa sehemu kubwa haitokani na vifo vilivyosajiliwa. Msingi wake ni ushuhuda wa walio hai, uliopitishwa katika vielelezo vya kihesabu. Kwa hiyo, kuitumia kupanga huduma za wazee na za wakazi wa mpakani ni kuidai ushahidi isiokuwa nao.

1. Utangulizi

Sensa ya mwaka 1991 iliipa Uganda umri wa kuishi wa miaka 48.1. Sensa ya 2002 ilitoa miaka 50.4, na ile ya 2014 ikatoa miaka 63.3. Kwa kipimo hicho, taifa liliongeza karibu miaka 13 katika kipindi cha miaka 12. Ongezeko hilo lina ukweli ndani yake: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilisambazwa, vyandarua vilienea, na vifo vya watoto wachanga vilipungua. Hata hivyo, kazi ya uhakiki haiishii katika kukubali au kukataa namba. Inapaswa kuuliza nani alihesabiwa, nani alijibu kwa niaba ya nani, na pengo lililobaki lilijazwa na nini.

Karambi inafaa kwa maswali hayo. Gombolola hiyo iko chini ya milima ya Rwenzori, jirani na Bwera na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Wakazi wake wengi ni Wakonzo, ambao ndugu zao Wanande wanaishi ng'ambo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maisha ya huko huvuka mpaka kila siku, na vifo vilevile.

2. Namba inavyotengenezwa

Jedwali la maisha huhitaji mambo mawili: idadi ya vifo kwa kila umri, na idadi ya watu wa umri huo. Palipo na usajili kamili, mambo hayo husomwa kutoka katika daftari la serikali. Nchini Uganda, Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inataka kila kifo kisajiliwe, lakini vifo vingi vya vijijini huishia kaburini bila kuacha karatasi. Kwa sababu hiyo, wanatakwimu hurudi kwa walio hai.

Mwanamke huulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Njia ya kugeuza majibu hayo kuwa kiwango cha vifo vya watoto iliendelezwa na William Brass, mwanatakwimu aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Njia hiyo, basi, ina mizizi katika ukanda huu na imeusaidia sana. Kwa watu wazima, kaya huulizwa kuhusu vifo vya miezi 12 iliyopita, na tafiti za afya huwauliza wanawake kuhusu ndugu zao waliofariki.

Pale majibu yasipotosha, huazimwa majedwali ya kielelezo. Yanayojulikana zaidi ni yale ya Coale na Demeny ya mwaka 1966, yaliyojengwa hasa kwa takwimu za Ulaya. Familia yake ya Kaskazini, iliyotokana na kumbukumbu za Sweden, Norway na Iceland, imetumiwa mara nyingi barani Afrika. Hivyo mtu mzima wa Karambi aweza kuingia katika hesabu ya taifa akiwa amevikwa mpangilio wa vifo wa watu asiowahi kuwajua.

Kasoro ya uazimaji huo ilidhihirika wakati wa UKIMWI. Majedwali hayo yaliundwa kabla ya janga hilo na hayakutazamia vifo vingi vya watu wenye umri kati ya miaka 25 na 45. Anayekadiria vifo vya wazazi kutokana na uhai wa watoto aliweza kuwafanya wazazi hao waonekane wenye maisha marefu kuliko ilivyokuwa. Zaidi ya hayo, mama aliyekufa hakuwepo kuulizwa habari za watoto wake, ilhali watoto wake ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo; katika sensa, methali hiyo ni maelezo ya upendeleo wa kitakwimu.

3. Vifo visivyopata msemaji

Huko Karambi, pengo hilo hujitokeza kwa sura tatu. Ya kwanza ni kaya inayovunjika. Mkuu wa kaya anapofariki, mjane aweza kurudi kwao na watoto wakagawanywa kwa jamaa. Karani wa sensa anapofika, nyumba imefungwa, na hakuna kaya ya kutaja kifo hicho.

Ya pili ni mpaka. Mgonjwa aweza kuugua upande mmoja, kutibiwa upande wa pili na kuzikwa kwa jamaa wa upande wa kwanza. Kifo chake chaweza kuhesabiwa mara mbili au kisihesabiwe kabisa. Mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyeingia kutoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola huko Bwera. Yeye na bibi yake walifariki, na ulimwengu mzima ukapata taarifa kuhusu njia waliyopita na watu waliokutana nao. Tukio hilo linathibitisha kwamba kifo cha mpakani chaweza kufuatiliwa kikamilifu pale dola inapoogopa. Mama anayefariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua nyumbani, katika milima hiyohiyo, haamshi hofu ya namna hiyo, na daftari hubaki tupu.

Ya tatu ni maafa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa, na zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Katika majedwali ya kielelezo, umri wa kati ya miaka 10 na 15 ndio wenye hatari ndogo kuliko yote, na miaka inayofuata haiko mbali nao. Wastani wa taifa hautikisiki kwa vifo vya kijiji kimoja, na kihesabu hilo si kosa. Kosa ni kuuchukua wastani huo kama kwamba unaeleza usalama wa mtoto wa Mpondwe.

4. Namba inavyosomwa

Tatizo la pili ni la ufasiri, na Kiswahili nacho kina sehemu yake. "Umri wa kuishi" husikika kama kipimo alichokadiriwa mtu. "Matarajio ya maisha" husikika kama ahadi. "Wastani wa maisha" hueleweka kuwa umri wa kawaida wa kufa. Hakuna linalosema wazi kwamba namba hii inamhusu mtoto wa kubuni, atakayepita katika kila umri chini ya viwango vya vifo vya mwaka mmoja tu.

Mfano mwepesi unatosha. Kati ya watoto 100, 10 wakifa wakiwa na mwaka mmoja na 90 wakifa wakiwa na miaka 70, umri wa kuishi ni miaka 63.1, ingawa hakuna aliyekufa akikaribia umri huo. Vifo vya watoto vikipungua hadi vitano, namba hupanda hadi miaka 66.55, na hakuna mzee aliyeongezewa hata siku moja.

Usomaji mbaya una gharama. Mpango wa serikali wa ruzuku kwa wazee, wenye malipo ya shilingi 25,000 kwa mwezi, ulipoenezwa nchi nzima uliweka miaka 80 kuwa umri wa kuanzia kwa walengwa wapya. Hoja iliyo rahisi kuitoa ni kwamba raia hawezi kufika 80 ilhali umri wa kuishi katika sensa ya 2014 ulikuwa 63. Hoja hiyo inatetea haki kwa ushahidi usiofaa, na mtetezi wa mpango aweza kuipangua kwa dakika moja. Swali sahihi ni hili: kati ya wanaofika miaka 60, wangapi hufika 80? Na hapo ndipo jedwali la Uganda linapotegemea zaidi kielelezo na kidogo mno ushahidi. Aidha, umri wenyewe una shaka. Mzee wa Karambi aliyezaliwa bila cheti hujulikana umri wake kwa matukio, kwa mfano alikuwa kijana wa kuoa vuguvugu la Rwenzururu lilipojitangazia utawala wake mwaka 1962. Tarehe iliyoandikwa kwa makadirio katika kitambulisho cha taifa yaweza kumnyima ruzuku kwa miaka kadhaa, na yaweza pia kumfanya aliyefariki aonekane kijana kuliko alivyokuwa.

5. Kipimo kilichomo katika majina

Jamii yenyewe ina kumbukumbu ambayo watafiti wangeweza kuitumia. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Bwambale ni mwana wa kiume wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne, Thembo wa tano. Kifo cha mkubwa hakimsogezi mdogo. Mama anayesema amezaa wavulana wawili, na mmoja wao anaitwa Kule, amempa karani sababu ya kuuliza tena kwa upole. Ni lazima kwanza ihakikishwe kwamba mpangilio unahesabiwa kwa mama na si kwa baba mwenye wake wengi, na dini na mitindo ya mijini imelegeza desturi hiyo. Hata hivyo, ni kinga dhidi ya usahaulifu ambayo hojaji ya kitaifa, iliyotungwa kwa makabila yote, haina.

6. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kuitupa takwimu ya umri wa kuishi. Yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila namba itolewe pamoja na maelezo ya sehemu iliyotokana na ushahidi na ile iliyotokana na kielelezo. Pili, mipango ya wazee itumie uwezekano wa kuishi kuanzia umri wa miaka 60. Tatu, mwenyekiti wa kijiji, ambaye huwa miongoni mwa wa kwanza kupata habari za msiba, awezeshwe kuusajili bila gharama kwa familia, na wilaya za pande zote mbili za mpaka zibadilishane taarifa. Nne, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, istilahi za takwimu zisanifiwe sasa, kabla makosa ya ufasiri hayajaota mizizi katika nyaraka za serikali. Msiba wa Karambi hujulikana kijijini siku ileile. Kinachokosekana ni njia ya kuufikisha katika daftari la taifa.