Tawala Moja kwa Vitenzi Viwili: Radah na Mashal katika Kitabu cha Mwanzo

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, hukutana na kitenzi "tawala" mara kadhaa kabla hajamaliza sura tatu za kwanza. Mianga hutawala mchana na usiku (Mwanzo 1:18), binadamu hupewa kutawala samaki, ndege na wanyama (1:26 na 28), na mwanamke huambiwa kwamba mumewe atamtawala (3:16). Kwa sikio la Kiswahili mambo hayo matatu ni jambo moja. Ndiyo maana hoja ya kwamba mamlaka ya mume juu ya mke ni tawi la mamlaka ya binadamu juu ya viumbe huonekana kuwa imetoka moja kwa moja katika Maandiko. Kumbe imetoka katika chaguo la wafasiri.

Kiebrania kina vitenzi viwili mahali hapo. Kwa binadamu na wanyama ni radah; kwa mianga, na kwa mume na mke, ni mashal. Kipo na cha tatu, malak, yaani kuwa mfalme, ambacho ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia "miliki" na "tamalaki", lakini hicho hakimo katika sura hizi.

Radah ndicho kilicholeta ugomvi. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White alidai, katika jarida la Science, kwamba Ukristo wa Magharibi unabeba lawama kubwa ya kuharibiwa kwa mazingira, kwa kuwa ulimweka binadamu juu ya viumbe vyote. Katika mabishano hayo wapo wanaosema kuwa radah kwa asili ni kukanyaga, kama zabibu zinavyokanyagwa shinikizoni, nao hutaja Yoeli 3:13. Ushahidi huo ni dhaifu, maana umbo la kitenzi lililo katika Yoeli laweza pia kutoka katika yarad, "kushuka". Na hata lingekuwa la hakika, James Barr alikwisha kuonya mwaka 1961 kwamba asili ya neno siyo maana yake. Wale wa upande wa pili, wanaotaka radah iwe upole wa mchungaji tu, nao hawasimami mahali pa imara zaidi.

Njia iliyo salama ni kutazama kitenzi hicho kinafanya kazi wapi. Katika 1 Wafalme 9:23 ni kazi ya wasimamizi 550 waliowekwa na Sulemani juu ya watu wa kazi. Katika migodi na mashamba ya Kongo ya ukoloni wangeitwa makapita. Katika Zaburi 72:8 ni kazi ya mfalme, yuleyule ambaye mistari michache baadaye anamwokoa maskini. Katika Ezekieli 34:4 ni kosa la wachungaji wa Israeli. Lakini mahali penye kufundisha zaidi ni Walawi 25, ambapo bwana anakatazwa kumtawala ndugu yake aliyejiuza kwa umaskini. Agizo hilo linarudiwa mara tatu (mistari ya 43, 46 na 53), na kila mara radah inafuatwa na neno befarek, "kwa ukali". Neno hilohilo laeleza utumwa wa Misri katika Kutoka 1:13-14. Kama ukali ungekuwa tayari ndani ya kitenzi, mtunga sheria asingekuwa na haja ya kuuongeza. Basi radah ni mamlaka ya aliye juu kwa aliye chini, mara nyingi yenye nguvu; ukali au haki vyaletwa na maneno yanayoizunguka. Na katika Mwanzo 1 maneno yanayoizunguka ni yapi? Mara baada ya amri, binadamu anapewa mbegu na matunda kuwa chakula. Ruhusa ya nyama inakuja sura ya 9, na huko maandishi ya Kiebrania hayairudii radah. Yafaa kusema pia kwamba kabash, "kutiisha", kilicho kando yake katika 1:28, ni kitenzi kigumu zaidi, nacho hakipaswi kulainishwa.

Mashal ni kipana. Hutumika kwa jua, kwa mtumishi mzee aliyesimamia mali yote ya Abrahamu (24:2), na kwa Yusufu huko Misri. Zaburi ya 8 hukitumia hata kwa binadamu juu ya wanyama, kwa hiyo mpaka kati ya vitenzi hivi viwili si ukuta. Hata hivyo, hasara kubwa ya Kiswahili haiko hapo. Iko katika 4:7, Kaini anapoonywa juu ya dhambi. Kiebrania cha mstari huo kinafuata umbo la 3:16 karibu neno kwa neno: tamaa ileile, teshuka, na kitenzi kilekile, mashal, katika hali ileile ya kitenzi, ambayo yenyewe haisemi kama ni amri, uwezekano au jambo litakalotokea. Union Version inasema "atakutawala" kwa mwanamke, lakini kwa Kaini inasema "yapasa" na kuleta "shinda". Ulinganifu umefutika. Msomaji haoni tena kwamba mwandishi aliziweka ndoa iliyoharibika na dhambi iliyo mlangoni katika mizani moja, na kwamba 3:16, iliyo kati ya miiba na jasho, haina sura ya amri.

Wafasiri wa Kiswahili hawakuwa wa kwanza. Septuaginta iliunganisha radah ya 1:28 na mashal ya 1:18 kwa kitenzi kimoja cha Kiyunani, arkho, nayo ikaitenga 3:16 na 4:7 kwa vitenzi viwili. Lakini "tawala" ina mzigo wake. Kwa asili ya Kiarabu ni kushika dhamana, mzizi mmoja na "liwali". Asili hiyo haituokoi, kwa sababu ileile aliyoitoa Barr. Katika Kongo neno hili limepita njia nyingine: jina la Watch Tower liligeuka Kitawala, watu wakasikia ndani yake ahadi ya kutawala, na maasi ya Masisi na Lubutu ya mwaka 1944 yakatoka humo. Anayesikia "tawala" huku husikia kiti, kodi na askari.

Kwa radah, basi, "tawala" inaweza kubaki: ni nzito, na radah ni nzito. Kwa mianga, "simamia" ingetosha. Kwa 3:16 na 4:7 kitenzi chochote kitakachochaguliwa kiwe kimoja, na hali yake iwe moja, hata kama sikio litakwaruzwa.